Cheki injini imewaka na gari linazima likipata moto: pima kwanza kabla ya kununua kompyuta

Swali: Habari fundi. Nina Toyota Probox ya 2012, injini ya 1500, ninayobebea omena kutoka Kisumu kupeleka Mbale na Kakamega. Tangu nilipofanyiwa sevisi na injini ikaoshwa miezi miwili iliyopita, taa ya cheki injini imewaka. Asubuhi injini inatetemeka. Nikipanda kuelekea Kiboswa gari halivuti. Mbaya zaidi, likishapata moto huzima ghafla na halikubali kuwaka mpaka likae kama nusu saa. Mashine ya fundi ilisoma misimbo miwili ya hitilafu, P0171 na P0335. Akabadilisha sensa ya oksijeni, taa ikazima siku mbili, halafu ikarudi. Sasa anasema kompyuta ya gari imekufa nitafute nyingine. Kuna chochote ninachoweza kujipimia nyumbani kabla sijatoa pesa hizo? Msomaji, Mamboleo, Kisumu.

Jibu: Dada yangu, nakuomba usitoe hata shilingi moja ya kompyuta kwa sasa. Kompyuta iliyogundua kwamba hewa imezidi mafuta, ikawasha taa, ikahifadhi misimbo miwili na ikaisomea mashine ya fundi, hiyo iko hai na inafanya kazi yake. Nitakueleza huko chini namna ya kulithibitisha hilo mwenyewe. Kwa dalili ulizonipa, gari lako lina magonjwa mawili tofauti, na yametibiwa kama ugonjwa mmoja. P0171 ndiyo inayolitetemesha asubuhi na kulinyima nguvu mlimani. P0335 ndiyo inayolizima likipata moto. Sensa ya oksijeni uliyolipia sioni kosa lake katika hayo yote mawili.

Huo wa kuzima ndio unaonitia wasiwasi. Injini ikizima gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito papo hapo, na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu kabla pedali haijawa ngumu. Unaposhuka kutoka Kiboswa kurudi Kisumu na lori liko nyuma yako, hapo si pa kujaribia bahati. Mpaka tuumalize, tafuta gari lingine likubebee mzigo, hata kama faida itapungua wiki hiyo.

Sasa tuseme kidogo juu ya misimbo yenyewe, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za watu hupotelea. Msimbo hautaji spea ya kununua. P0335 inasema kwamba kompyuta haikupata ishara inayoeleweka kutoka kwenye njia ya sensa ya krenki, yaani ekseli kuu inayozunguka ndani ya injini. Njia hiyo ni sensa yenyewe, nyaya zake, soketi yake, na gurudumu dogo la meno linalozunguka mbele yake. Chochote kati ya hivyo kikiharibika, msimbo ni uleule. P0171 nayo haitaji sensa yoyote. Inasema kompyuta imeongeza mafuta mpaka ikafika kikomo chake, na bado moshi unaonyesha hewa imezidi. Aliyeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni. Kuibadilisha ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele mwizi alipoingia.

Kwa nini basi taa ilizima siku mbili? Kwa sababu fundi alifuta misimbo alipomaliza. Kwa kasoro kama P0171, kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza inapoiona. Husubiri iione tena katika safari nyingine ndipo iwashe. Siku mbili zile zilikuwa za kusubiri tu. Nakusihi uwe mkali juu ya hili: mtu yeyote asifute misimbo wala kutoa kichwa cha betri kabla hujaandika kila kitu. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa wakati huo: joto la maji, mizunguko, mwendo wa gari, mzigo wa injini. Ukichomoa betri, vyote hivyo vinapotea, pamoja na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza kwa muda mrefu. Ni ushahidi wako wote umefutwa.

Vifaa unavyohitaji si vingi. Nunua adapta ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea misimbo, yenye matundu 16, iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, ile inayozungumza na simu. Bei yake haifiki ya sensa moja mpya. Simu ikiwa ni iPhone, chukua adapta ya Wi-Fi, kwa maana nyingi za bluetooth za bei rahisi hazikubaliani nayo. Tafuta pia mita ya dijitali, tochi, bisibisi na spana namba 10. Ile testa ya balbu ambayo mafundi wa waya hupenda, usiiguse nayo waya wowote wa sensa wala wa kompyuta. Balbu huvuta umeme mwingi kuliko nyaya hizo zinavyoweza kutoa, na inaweza kuunguza kilichokuwa kizima. Na usitoboe nyaya kwa sindano ili upime. Kwa unyevu wa ziwa, tundu hilo dogo litaota kutu ndani ya waya. Ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya soketi, taratibu, ikae ubavuni mwa waya.

Egesha mahali tambarare na penye hewa, vuta breki ya mkono, na ukivaa leso ivue kabisa. Feni ya rejeta inaweza kuanza kuzunguka yenyewe switchi ikiwa imewashwa, hata injini ikiwa imezima.

Anza na betri, kwa sababu umeme ukiwa dhaifu sensa zote husema uongo kwa pamoja. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 ina chaji kidogo sana. Mtu apige stata wewe ukiangalia mita: isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisha pima athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, jambo ambalo gereji nyingi huliruka. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, na nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, mita isizidi volti 0.2. Stata ikipigwa, isizidi 0.5. Ikizidi, waya wa athi kati ya injini, bodi na betri una kutu au umelegea. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena. Nimeona watu wakinunua sensa tatu kwa ajili ya bolti moja ya athi iliyooza.

Sasa P0171. Wewe mwenyewe umesema kila kitu kilianza baada ya sevisi na kuoshwa, na mimi huanzia pale mkono wa mtu ulipopita mara ya mwisho. Wakati wa sevisi boksi la kichujio cha hewa lilifunguliwa. Karibu na hapo, kwenye njia ya hewa, kuna sensa ya hewa iitwayo MAF yenye soketi ya waya tano. Ndani yake kuna kawaya kembamba kenye joto kanakopima uzito wa hewa inayopita. Kuanzia hapo hewa hupita kwenye mpira mnene hadi kwenye throto, mlango unaoingiza hewa kwenye injini ukikanyaga mafuta. Hewa yoyote inayoingilia baada ya sensa hiyo, iwe ni kwenye ufa wa mpira au klipu iliyolegea, kompyuta haikuihesabu. Inapeleka mafuta ya hewa iliyohesabiwa tu, na injini inabaki na njaa.

Zima injini, toa klipu za mpira huo, uukunje kwa mikono na umulike mikunjo yake, hasa upande wa chini ambao hauonekani ukiwa umesimama. Hapo ndipo hupasuka. Angalia kama kifuniko cha boksi la hewa kimekaa sawasawa pande zote na kama karatasi ya kichujio haikubanwa mdomoni. Fuata pia mipira midogo inayotoka kwenye manifoldi ya hewa, bomba linalozigawia silinda hewa: ule wa kupumulia moshi wa krenki kutoka kwenye kifuniko cha vali, na ule mnene unaokwenda kwenye buta la breki, kifaa kinachokurahisishia kukanyaga pedali. Ukiubonyeza mpira ukasikia unalia kavu au ukaona ufa, badilisha.

Baada ya macho, simu. Pasha injini mpaka joto la maji lifike karibu nyuzi 90, zima AC, kisha fungua kwenye programu ya simu inayosoma adapta hiyo mistari miwili iliyoandikwa STFT na LTFT. Wa kwanza ni marekebisho ya mafuta ya sekunde hii, wa pili ni mazoea ambayo kompyuta imejifunza. Vijumlishe. Kwenye gari zima jumla hukaa kati ya −10 na +10 kwa mia. Lako, kwa msimbo huo, natarajia lipite +20. Andika namba injini ikinguruma bila kukanyagwa. Kisha mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ashikilie nusu dakika, uandike tena.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa uko wapi. Injini ya 1500 ikinguruma tu huvuta kama gramu 2 hadi 3 za hewa kwa sekunde. Nusu gramu ikiingia kwa kuiba, hiyo ni karibu sehemu moja ya tano, na injini lazima itetemeke. Lakini ukiwa barabarani unavuta gramu 15, nusu gramu ileile haizidi asilimia 4, wala huisikii. Kwa hiyo ukiona +28 ikinguruma na +6 kwenye 2,500, una tundu la hewa, na sensa zote waziache zilivyo. Ukiona kinyume chake, +7 ikinguruma na +25 ukikanyaga au ukipanda mlima, hapo kwa kawaida hewa haivuji. Ama MAF imechafuka inahesabu hewa pungufu, ama mafuta hayafiki kwa nguvu.

Wewe umeniambia dalili zote mbili, kutetemeka asubuhi na kukosa nguvu mlimani. Dau langu ni mpira ule wa hewa au klipu yake. Injini ikivuta mzigo hujipindua kidogo kwenye maunti zake, yaani vishikio vya mpira vinavyoibeba, na mpira uliopasuka hufunguka zaidi wakati huo, hivyo ufa mmoja hutoa dalili za kotekote. Kama macho hayauoni, chukua chupa ya kunyunyizia, weka maji matupu, na injini ikinguruma nyunyiza kidogo kidogo kwenye viungo vya mpira na mahali manifoldi inapokutana na injini. Mngurumo ukibadilika unaponyunyizia mahali fulani, umepata tundu. Kaa mbali na koili za plagi na soketi. Na tafadhali usitumie petroli wala dawa ya kabureta kama unavyoona wengine wakifanya. Injini ina moto, na hiyo ni njia ya kuchoma gari na mikono yako.

Kama ni MAF, uisafishe kabla ya kuibadilisha. Ukipita barabara za murram na kichujio cha bei ya chini, vumbi laini hupenya na kuganda kwenye kawaya kale. Switchi ikiwa imezimwa, chomoa soketi, fungua skrubu mbili, itoe wima. Ndani utaona kawaya kembamba kuliko unywele. Kasiguswe na kidole, kitambaa, brashi wala upepo wa kompresa. Kuna dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa sensa za hewa, na ni hiyo tu inayofaa. Ile ya kusafishia breki au kabureta inaweza kuiharibu sensa. Puliza mara kadhaa, iache ikauke yenyewe kabisa, rudisha. Injini ikiwa na joto na ikinguruma, mstari wa MAF kwenye simu usome kati ya gramu 2 na 3. Ikisoma 1.3 hivi kwenye injini ya ukubwa wako na hewa haivuji popote, basi hapo nakubali ibadilishwe.

Ndani ya sensa hiyohiyo ya MAF kuna pia kipima joto cha hewa. Asubuhi kabla ya kuwasha, simu isome joto la hewa na joto la maji ya injini karibu sawa, na yote mawili yakaribie hali ya hewa ya asubuhi hiyo. Moja likisoma −40, waya umekatika au soketi imeachia. Ni kipimo cha dakika moja na kinakuambia mengi juu ya soketi zilizoingia maji.

MAF ikiwa safi, hewa haivuji, na bado namba zinapanda mlimani, inabaki pampu ya mafuta au kichujio chake. Kipimo hicho mpelekee fundi mwenye geji. Injini yako hutaka shinikizo la takriban kPa (kilopaskali) 304 hadi 343 kwenye reli ya mafuta, bomba linalozigawia nozeli mafuta, na petroli yenye shinikizo si kitu cha kufungulia uani penye jiko la makaa.

Niseme neno kwa wasomaji wenye Honda Fit za zamani na magari mengine yanayotumia sensa ya MAP mahali pa MAF, kwa sababu wengi wenu huniuliza. Hiyo hupima shinikizo la hewa, na huku kwetu nyanda za juu kuna kipimo rahisi sana. Washa switchi bila kuwasha injini, soma namba. Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, inapaswa kuwa karibu kPa 88. Nakuru, kwenye mita 1,850, karibu 81. Timboroa itashuka hadi karibu 73. Sensa inayosoma 100 ukiwa Nakuru inadhani iko Mombasa, na kompyuta itapeleka mafuta ya Mombasa. Mafundi wanaolinganisha na vitabu vya nje pekee hukosea hapa, wakihukumu sensa nzima kuwa mbovu kwa sababu haifiki 101.

Turudi kwa P0335. Sensa ya krenki ndiyo inayoiambia kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake. Isipozungumza, kompyuta haitoi cheche wala mafuta, na injini hukata mara moja, bila kukohoa kwanza. Kwenye Probox yako iko mbele ya injini chini, kando ya puli ya krenki, upande wa tairi la mbele la kulia. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Waya huo ukipata ufa, joto huutanua na kuuachanisha, ubaridi huurudisha. Ndiyo sababu ya ile nusu saa yako. Dalili yako inafanana sana na ugonjwa huu, ila koili za plagi na pampu ya mafuta pia huweza kufa kwa joto, kwa hiyo tunapima.

Subiri gari likatae kuwaka. Si barabarani, bali nyumbani, baada ya kuliacha lingurume muda mrefu. Simu ikiwa imeunganishwa, fungua mstari wa mizunguko ya injini, RPM, kisha piga stata. Injini inayozungushwa na stata isome karibu 200. Ukiona sifuri nawe unaisikia injini inazunguka, ishara ya krenki haifiki kwenye kompyuta, na pampu na koili hazihusiki kwa sasa. Ukiona 200 na bado haiwaki, sensa hii waache, tafuta cheche na mafuta. Na usihukumu pampu kwa kuwa hukuisikia ikivuma ulipowasha switchi: kwenye Toyota nyingi, kompyuta haiwashi pampu mpaka injini ianze kuzunguka.

Sifuri ikithibitika, toa funguo kwenye switchi kabisa, chomoa soketi ya sensa, weka mita kwenye ohm, yaani upande wa kupima ukinzani wa waya, pima miguu miwili ya sensa yenyewe ikiwa bado ina moto. Sensa hii ya waya mbili, ikiwa baridi, husoma kati ya 985 na 1,600. Ikiwa na moto huweza kufika karibu 1,900. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, kisha baada ya nusu saa ikarudi 1,300, umemkamata. Kitambaa kilicholowa maji ya baridi ukikiweka juu ya sensa dakika chache, funguo zikiwa mkononi mwako, na gari likawaka mapema kuliko kawaida, huo ni ushahidi wa pili.

Lakini kama ohm ni nzuri moto na baridi, geukia soketi na nyaya, na hapa ule uoshaji wa injini unarudi. Mashine ya maji ya nguvu husukuma maji hadi nyuma ya mpira mdogo wa soketi, yanakaa humo, na baada ya wiki kadhaa miguu ya shaba inaota unga wa kijani. Ukiuona, puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kausha, na uhakikishe mpira ule upo na soketi inalia inapofunga. Kisha fuata waya kutoka kwa sensa kwenda juu kwa vidole na tochi. Gari linalonuka omena huvutia panya usiku, na kule Bungoma na Webuye wanaoegesha karibu na ghala la mahindi wanajua hasara yake. Panya hatafuni waya wote. Hung'ata ngozi tu, na waya hugusa chuma gari likitikisika. Waya uliojeruhiwa uunganishwe kwa lehemu na mpira wa kubana kwa joto. Ukisokotwa na kufungwa selotepu, ishara hii ndogo itapotea tena mvua ikinyesha.

Ikibidi kuinunua sensa, napendelea ya asili iliyotumika kutoka Japani kuliko mpya isiyo na jina. Uipime ohm pale dukani kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa upime, mwache. Inashikwa na bolti moja ya namba 10. Kabla ya kuirudisha, pangusa ncha yake. Sumaku hukusanya unga wa chuma, na mara nyingine kuusafisha huo tu hutosha.

Na kompyuta? Kuna vipimo viwili. Washa switchi bila injini: taa ya cheki injini iwake, na simu iunganike. Hilo likifanyika, kompyuta inapata umeme na inafikiri. Pili, sensa za waya tatu, kama ile ya throto, hupewa volti 5 na kompyuta. Chomoa soketi, pima kati ya waya wa volti 5 na athi. Ukikuta 5, upande huo wa kompyuta ni mzima. Ukikuta sifuri, usishtuke bado: sensa moja yenye shoti huweza kuangusha volti hizo kwa sensa zote. Chomoa sensa moja moja ukiwa unaangalia mita, mpaka volti 5 zirudi. Uliyoichomoa wakati huo ndiyo mbaya. Na kama taa haiwaki wala simu haiunganiki, angalia kwanza fyuzi iliyoandikwa EFI, rilei yake, na athi.

Kompyuta hufa kweli, ila kwa sababu zinazojulikana: betri kufungwa kinyume, mtu kuchomelea bodi au keria bila kutoa betri, au maji kuingia ndani yake. Kama hakuna lililotokea kati ya hayo, sioni sababu ya kuishuku. Ukilazimika siku moja, namba iliyo kwenye kibandiko, ambayo kwa Toyota nyingi huanza na 89661, ifanane yote mpaka tarakimu ya mwisho. Na gari lenye kizuizi cha wizi kwenye funguo litakataa kuwaka mpaka funguo zisajiliwe upya.

Huna haja ya kugombana na fundi wako. Mpelekee namba ulizoandika, umwombe akuonyeshe kwenye mita kila anachosema kimekufa kabla hujakinunua. Mkishatengeneza, futeni misimbo, endesha mjini siku chache ukiwa bila mzigo, uangalie kama jumla ya STFT na LTFT imerudi chini ya 10. Kisha niandikie namba nne: marekebisho ya mafuta ikinguruma, marekebisho kwenye 2,500, ohm za sensa ya krenki ikiwa baridi, na ohm zake ikiwa na moto. Nikizipata hizo, nitakuambia kilichobaki.